Chai Iliyomwagwa Tulia

Tulia, Kitui
10 Februari 2025

Kwako mwenye majani, Sultan Hamud,

Hunijui, na mimi jina lako silijui, kwa hiyo nisamehe nikianza bila jina. Mimi ni mwalimu mstaafu. Juzi nilikuwa natoka Mombasa kwa binti yangu Ndunge, na gari letu likaharibika hapo kwenu. Tukaambiwa tungoje fundi. Nikakaa kwenye benchi la duka lenu lililo karibu na kituo cha petroli, na kijana wenu akaniletea glasi ya chai ya rangi. Nilitaka kuirudisha. Huku kwetu chai bila maziwa ni ya mtu aliyeishiwa.

Nikaonja. Nikasahau hata kumwambia asante.

Nikueleze kwa nini nashika kalamu kwa sababu ya chai. Mwaka jana niliugua, na dawa nilizopewa ziliniharibu ulimi. Tangu hapo kila kitu kinywani mwangu ni chaki, na chaki naijua, nimekula vumbi lake maisha yangu yote ya kazi. Nyama chaki, embe chaki. Glasi ile ndiyo ya kwanza kuwa na ladha. Niliona mdalasini kwanza, halafu nyuma yake kitu kama harufu ya hindi bichi likichomwa, halafu utamu ambao haukuwa wa sukari.

Nilimwuliza kijana wametia nini humo. Akasema shangazi yake ndiye huchanganya, na kwamba hapokei simu za wateja. Ila nikiandika barua na kuiacha ofisi ya vifurushi Kitui mjini, itamfikia.

Basi naomba uniuzie. Na kama una majani ya aina nyingine, niambie yanaonjeka vipi. Nina muda mwingi siku hizi.

Wako,
Mwalimu Nzilani Kimeu


Sultan Hamud
17 Februari 2025

Mwalimu Nzilani,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Niite Mama Ladan. Ladan ni binti yangu, yuko shule ya bweni Kathonzweni.

Simu siipendi kwa mambo ya chai. Mtu akinipigia atasema tu ni tamu, halafu aulize bei. Akiandika, inabidi akumbuke alichoonja.

Nimekufungia pakiti tatu. Ya kwanza ni ile uliyokunywa: majani meusi marefu yaliyosokotwa, yanatoka Kericho, pamoja na iliki, mdalasini na karafuu. Ya pili ni majani yale yale bila kiungo chochote. Ya tatu inatoka Nandi, na majani yake ni ya zambarau. Usishtuke ukiona rangi ya maji.

Anza na ya pili. Tumia maji ya mvua kutoka kwenye tangi, si ya kisima, maana kisima cha hapo Tulia kina chumvi na kitaua kila kitu. Usichemshe majani kwenye sufuria. Chemsha maji, yaache yatulie kidogo, yamimine juu ya majani, funika. Ukinywa, fyonza kwa sauti kama mtoto asiye na adabu, ili chai ifike mpaka nyuma ya ulimi. Sukari na maziwa viweke mbali, usije ukajaribiwa.

Usilipe sasa. Niandikie kwanza ulichoonja.

Mama Ladan


Sultan Hamud
23 Februari 2025

Ladan mwanangu,

Binamu yako Abdiwahid anakuja Kathonzweni kupeleka unga na sabuni, atakupa hii mkononi. Isome ukiwa peke yako.

Umeniuliza mara nyingi baba yako alikufa na nini, na mimi nimekujibu kifua. Ni kweli kilikuwa kifua. Ila sikukuambia kilipatwa na nini.

Kabla hujazaliwa tulikuwa na kibanda cha chai katika soko la Tulia, huko Kitui. Baba yako Abukar alikuwa akiniletea majani kutoka kila mahali alipopita na lori la mifugo. Tulikuwa tunaonja pamoja, yeye anafumba macho, mimi namwuliza umepata nini, naye anasema mvua, au ngozi ya kiatu kipya, au kitu cha kuchekesha tu. Watu walitupenda. Wanaume walikuwa wanakaa kwetu mpaka jua linageuka.

Palikuwa na mwalimu mmoja, mkubwa wa akina mama kanisani. Mume wake, Kimeu, alikuwa mteja wetu. Mwalimu huyo akaanza kusema kwamba natia dawa kwenye chai, ndiyo maana wanaume hawarudi nyumbani. Alisema kanisani, akasema shuleni, akasema kisimani. Siku ya soko wakaja, wengi, na yeye yuko mbele na mkoba wake mkononi. Walitoa mikebe yote wakamwaga majani barabarani, wakayakanyaga. Baba yako akainama kuyazoa. Wakampiga mateke ya kifua akiwa ameinama. Mimi nilikuwa na wewe tumboni, sikuweza kufanya lolote. Tukaondoka Tulia tukiwa na birika moja. Alikohoa mpaka alipokufa, wewe ukiwa bado unajifunza kuhesabu.

Mwalimu huyo ameniandikia wiki iliyopita. Alikunywa chai yangu hapa dukani bila kujua ni yangu. Anataka zaidi.

Nimemtumia.

Hooyo wako


Tulia
14 Machi 2025

Mama Ladan,

Ningekuandikia mapema lakini nilitaka kwanza nihakikishe sijiongopei.

Ile ya pili, tupu. Siku ya kwanza sikupata kitu, chaki tu. Nikakasirika nikataka kutia sukari, nikakumbuka maneno yako nikaiweka mbali. Siku iliyofuata nikafyonza kwa sauti mpaka Kimeu, mume wangu, akatoka chumbani kuuliza kama nimekabwa. Hapo ndipo ikaja. Ni kali upande wa mbele, halafu inalainika, na baada ya kumeza inabaki harufu kama ya ndani ya sanduku la mbao la nguo. Kumbe hiyo ndiyo harufu ya hindi bichi niliyokuwa naonja siku ile. Ilikuwa ya majani yenyewe, viungo vilikuwa vinaisindikiza tu.

Ile ya zambarau imenishangaza. Rangi ya kikombe ni kama maji yaliyosuuziwa chupa ya wino. Kwanza haina kitu. Halafu ghafla pande zote za kinywa zinakauka, kama umekula ukwaju mchanga, halafu mate yanajaa yenyewe. Nilikaa nayo uani mpaka ikapoa, na ilipopoa ikawa na ladha ya matunda ya porini tuliyokuwa tunachuma tukichunga mbuzi. Nilikuwa nimesahau hata kwamba niliwahi kuchunga mbuzi.

Nililia kidogo. Si kwa huzuni.

Embe nalo limerudi. Nilikula jana nikalipata. Sijui kama ni chai iliyofungua njia au ni wakati tu, lakini mimi najua nitakayemshukuru.

Halafu nikuulize: ulijuaje kwamba kisima chetu kina chumvi?

Tuma nyingine. Chochote ulicho nacho.

Nzilani


Kathonzweni
20 Machi 2025

Hooyo,

Abdiwahid amefika leo tu, amenipa barua yako na kukaa kwenye gari akingoja jibu, kwa hiyo naandika haraka.

Nilisoma nikashindwa kwenda prep kudurusu na wenzangu. Kwa nini hukuniambia? Nimekuwa nikimwombea Baba kama mtu aliyeugua tu.

Na nina swali moja. Kama huyo mwalimu ndiye aliyefanya hayo, kwa nini unamtumia majani mazuri? Abdiwahid anasema unamchagulia yale unayoficha kwenye mkebe wa juu, ambayo hata mimi sijawahi kupewa. Ungemtumia takataka. Au usimjibu kabisa. Au umwambie wewe ni nani, aone aibu.

Abdiwahid pia anasema unamwandikia barua ndefu. Zangu ni nusu ukurasa, na nyingi ni za sabuni na viatu.

Hapa tunakunywa strungi ya jikoni, chai ya rangi iliyochemshwa mpaka imekufa. Ramadhani njema.

Ladan


Sultan Hamud
24 Machi 2025

Ladan,

Umeuliza vizuri, nami nitakujibu mara moja tu.

Ningemwambia leo mimi ni nani, angesema pole, au angesema mimi ni mwongo, na vyote viwili vingemgharimu nini? Kwake yeye alimwaga takataka nyeusi barabarani. Mtu asiyejua ladha hawezi kujua alichomwaga. Kwanza namfundisha ulimi. Akishajua, akishapenda, akishawaambia watu wote kwa mdomo wake mwenyewe, ndipo nitamwambia.

Majani ya mkebe wa juu utapewa ukija likizo. Mwezi huu mimi mwenyewe siyaonji mpaka jua lizame, na kukaa nayo mchana kutwa nikiyanusa tu kumenipa muda wa kufikiri.

Kuhusu barua ndefu, usiwe na wivu. Mvuvi hampendi samaki kwa kuwa anamchagulia chambo.

Hooyo


Sultan Hamud
4 Aprili 2025

Mwalimu Nzilani,

Nimechelewa kwa sababu ya mfungo. Sasa Idi imepita na nimerudi kwenye vikombe vyangu.

Kisima chenu nilikisikia kwa watu wa mizigo. Mpwa wangu anapita huko.

Barua yako ilinifurahisha. Si wengi wanaojua kwamba majani ya zambarau yanabadilika yakipoa. Nimekutumia chai nyeupe. Hivi si majani hasa, ni vichipukizi vyenyewe, vina manyoya kama sikio la ndama. Usiwe na haraka nayo. Itaonekana kama maji moto matupu, halafu kikombe cha pili kitakupa kitu kama asali iliyobaki kwenye nta baada ya kukamuliwa. Nyingine ni ya kijani, inywe asubuhi. Ya mwisho imekaushwa kwa moshi wa kuni. Watu hapa wanaichukia. Mimi nikiinywa namkumbuka mama akifukiza vibuyu vya maziwa. Nataka kujua wewe utaikumbukia nini.

Nina udadisi mmoja. Tulia ni soko la zamani, na watu wa kila aina wamepita hapo. Hakuna aliyewahi kuuza chai ya namna hii?

Mama Ladan


Tulia
27 Aprili 2025

Mama Ladan,

Ile ya moshi ni vibuyu, ndiyo. Vibuyu kabisa. Hata sisi Wakamba tunavifukiza kwa makaa kabla ya kutia maziwa. Nilimwita Kimeu aonje, na yeye akasema neno lile lile kabla sijamwambia. Akaomba kikombe kingine, akakaa nami uani. Hatukai hivyo mara nyingi.

Ile nyeupe nilikosea. Niliinywa haraka mara ya kwanza, nikasema huyu amenitumia maji. Mara ya pili nikapata nta yako. Sasa najua kwamba kuna ladha zinazokuja kwa mwenye subira tu, kama wanafunzi wengine.

Umeuliza kuhusu Tulia. Alikuwepo mwanamke mmoja, zamani, hata sura yake siikumbuki vizuri. Alikuwa Msomali kama nadhani ulivyo wewe, usikasirike, jina la binti yako ndilo lililoniambia. Lakini yule hakuwa kama wewe. Wanaume walishinda kwake. Kimeu wangu alikuwa akirudi kutoka kwake akiwa na kicheko ambacho nyumbani hakukileta. Chai ya kawaida haimfanyi mtu hivyo, na kila mtu aliona kuna kitu anatia. Mimi nilikuwa wa kwanza kusema. Tukamwondoa. Mumewe alileta fujo kidogo siku hiyo lakini iliisha salama, wakaenda zao. Soko likatulia.

Nimeona nikueleze ili ujue kwamba sisi hatuna ubaya na watu wenu. Ni yule mmoja tu.

Sasa nina habari njema. Akina mama wa kanisa wamekuwa wakija kwangu Jumamosi. Nawapangia vikombe, nawafundisha kufyonza kwa sauti. Kanini, makamu wangu katika kikundi, alicheka mpaka akamwaga. Wananiita Mwalimu wa Chai.

Nzilani


Sultan Hamud
5 Mei 2025

Ladan,

Soma barua yake hii niliyoiweka ndani, halafu irudishe kwa Abdiwahid.

"Iliisha salama."

Nilikuwa nimeanza kulegea, nikwambie ukweli. Kuna jioni nilijikuta nikiichungulia ofisi ya vifurushi kuona kama ameandika. Tangu Abukar afe sijapata mtu wa kunijibu kikombe kwa kikombe. Huyu mwanamke ana ulimi, Ladan. Angeniambia katika barua hii kwamba anakumbuka na inamuuma, sijui ningefanya nini.

Sasa najua.

Hooyo


Kathonzweni
11 Mei 2025

Hooyo,

Nimeisoma. Nimeinakili pia, nisamehe, nilitaka kubaki nayo.

Sina wivu tena. Mtumie ile bora kuliko zote. Ukienda kumwambia, vaa lile shati la Baba ulilolihifadhi ndani ya jilbabu.

Ladan


Tulia
21 Juni 2025

Mama Ladan mpenzi,

Sikujua kwamba mtu anaweza kupata rafiki uzeeni kwa njia ya kifurushi.

Tarehe 19 Julai, Jumamosi, kikundi chetu kinafanya sherehe ya kufungua ukumbi mpya wa kanisa. Mara hii hakuna soda. Nimewashawishi wote iwe siku ya kuonja chai, na watu mia na zaidi watakuja. Nataka uje wewe mwenyewe utengeneze ile ya kwanza kabisa, ile niliyokunywa kwenye benchi lenu. Nitakutambulisha kwa wote. Kama unaogopa kuingia kanisani, ukumbi una mlango wake, na mimi nitakuwa mlangoni.

Usininyime hili. Nina hamu ya kuuona uso wako.

Nzilani


Sultan Hamud
28 Juni 2025

Mwalimu,

Nitakuja. Andaa maji ya tangi na vikombe. Majani nitayabeba mwenyewe.

Mama Ladan


Sultan Hamud
21 Julai 2025

Ladan,

Nimerudi. Kaa chini.

Abdiwahid alinifikisha Tulia mapema. Nilikuwa nimefikiria nijifunike uso, kumbe sikuhitaji. Nilipita sokoni, nikapita pale kibanda kilipokuwa, sasa ni duka la mbolea. Watu walinitazama machoni wakanisalimia. Walinifukuza bila kunitazama, ndiyo maana hawakuwa na cha kukumbuka.

Langoni vijana walitaka kupekua vikapu vyangu. Nzilani akaja mbio, ana mvi sasa na ana fimbo, akawaambia, "Huyu ni mgeni wangu. Msiguse vitu vyake." Akanishika mikono yote miwili. Mikono yake ni laini. Sikuwa nimejiandaa kwa hilo.

Nikachemsha maji kwenye sufuria kubwa za kanisa, nikayamimina kwenye birika juu ya majani. Majani yale yale, iliki, mdalasini, karafuu, kwa kipimo kile kile cha Tulia. Nikamimina kutoka juu kama nilivyozoea. Mzee Kimeu alikuwa safu ya mbele. Alipoona mkono wangu ukiinuka na birika alinikazia macho, na alipoonja akaweka kikombe magotini na hakukiinua tena. Yeye alijua kabla ya wote.

Wote wakanywa. Ungewasikia wakifyonza, ukumbi mzima, wazee na akina mama. Nzilani akasimama na kipaza sauti akaanza kuwafundisha. Akasema, mnaonja mdalasini mbele, sasa ngojeni, majani yenyewe yanakuja nyuma. Akasema chai hii ilimrudishia ulimi wake. Akasema ni zawadi ya Mungu. Watu wakapiga makofi.

Nikaomba kipaza sauti.

Nikamwuliza, "Mwalimu, waambie humu ndani mna nini."

Akataja moja moja, na majani yanatoka wapi, hakukosea hata kimoja.

"Hakuna kingine?"

"Hakuna kingine. Nimeionja miezi mingi, ningejua."

"Hakuna dawa?"

Akacheka. "Dawa ya nini?"

Nikasema, "Hii ni chai niliyokuwa nauza hapa sokoni. Ni kipimo kile kile. Jina langu ni Mulki. Mume wangu aliitwa Abukar. Mliimwaga barabarani, na yeye mkampiga mateke akiizoa, na alikufa kwa mateke hayo. Mwalimu, ni nani aliyekuambia kwamba natia dawa?"

Mahali fulani kikombe kiligonga sakafu. Alinitazama uso wangu kwa mara ya kwanza, nikaona anautafuta na anaupata. Akasema polepole, na kipaza sauti kilikuwa bado karibu, wote wakasikia:

"Hakuna aliyeniambia."

Kimeu akasimama. Ni mzee sasa, alishika kiti. Akasema, "Nilikuwa nakunywa chai tu. Nilikuwa naenda pale kucheka. Nilikuambia wakati ule, na hukutaka kusikia." Kisha akanigeukia akasema, "Mama, mimi pia nilikuwepo siku ile na sikusimama." Akatoka nje.

Kanini, makamu wake, ndiye aliyeanza kuweka kikombe chini. Halafu wengine. Wengi hawakujua wafanye nini na chai iliyobaki, wanainywa au wanaimwaga. Niliwaambia wanywe, hakuna kitu ndani. Wachache walikunywa wakilia. Nilichukua birika langu nikaondoka. Nzilani alikuwa bado amesimama pale mbele.

Utaniuliza kama nilifurahi. Ndiyo. Usitarajie nikuambie vingine. Njia nzima nilifurahi, na nilipofika nyumbani nilivua shati la baba yako nikalikunja, nikalala usingizi ambao sijaupata tangu uzaliwe.

Ila leo wameleta majani mapya kutoka Nandi, mavuno ya baridi, na nilipoyaonja kuna kitu mwishoni nilishindwa kukitaja, nikageuka kutafuta kalamu. Kisha nikakumbuka.

Funga shule salama. Mkebe wa juu unakungoja.

Hooyo


Tulia
9 Agosti 2025

Mulki,

Nimeandika barua hii mara nyingi nikaichana.

Siombi msamaha kwa sababu hukuja kuutafuta. Ungeutaka, ungeandika jina lako mwezi wa pili, na mimi ningelia peke yangu uani na ningekuja kwako kwa magoti. Ulitaka watu. Umewapata. Kikundi sasa kinaongozwa na Kanini. Wale niliowafundisha kusoma wananipita barabarani wakiangalia simu zao. Kimeu anajichemshia maji yake mwenyewe asubuhi na anayanywa matupu, upande wa pili wa ua.

Habari ya mumeo sikuijua. Naapa sikujua kwamba alikufa. Nilijiambia iliisha salama, na nikajiambia hivyo mpaka nikaamini. Silali vizuri.

Lakini nakulaumu pia. Zile barua uliandika wewe. Yale ya nta, na ya vibuyu vya mama yako. Nawe uliyaandika ukiwa unanichukia? Mimi nilikuwa nakuambia mambo ambayo sijawahi kumwambia mtu.

Majani yako yameisha. Nimejaribu ya pakiti ya dukani. Ni vumbi, na zamani sikujua kwamba ni vumbi. Nimejaribu kutia maziwa mengi na sukari nyingi, nikamwaga. Kwa hiyo labda nilisema kweli wakati ule, kuna kitu unatia, maana sasa siwezi kunywa ya mtu mwingine.

Niuzie. Kwa bei yoyote. Huna haja ya kuandika neno, tuma tu.

Nzilani


Sultan Hamud
18 Agosti 2025

Mwalimu Nzilani,

Hakuna kitu ninachotia. Ulimi wako umefunguka, basi, na haufungiki tena. Hicho ndicho nilichokuja kukupa, na nilikupa kwa makusudi.

Uliuliza kama niliandika yale nikiwa nakuchukia. Ndiyo. Na yalikuwa ya kweli yote. Vyote viwili vilikaa ndani yangu kwa pamoja na mimi sijui kuvitenganisha, kwa hiyo usiniombe. Nimeonja chai na watu wawili tu maishani mwangu. Wa kwanza mlimpiga mateke. Wa pili ni wewe. Nikiona kikombe kizuri sasa sina wa kumwandikia, na hilo pia nakudai.

Sitakutumia kifurushi. Ofisi ya Kitui nimewaambia wasipokee tena barua kati yetu, hii ni ya mwisho.

Lakini sitakunyima, maana kumnyima mtu chai ni tabia yenu, si yangu. Mzee Kimeu alikuja hapa wiki iliyopita kwa gari la asubuhi. Alikaa kwenye benchi lile ulilokaa wewe. Alikunywa, tukaongea habari za Abukar mpaka Abdiwahid akafunga duka. Kisha akaniambia mwenye duka la mbolea pale sokoni anahama, na kwamba amemwendea na kumlipa kodi ya kwanza, kwa jina langu.

Ninarudi Tulia. Nafungua Jumatatu ya kwanza ya Septemba, mahali pale pale, na juu ya mlango nimeandikisha Abukar kwa herufi utakazoziona kutoka langoni kwako kila ukitoka. Kanini na wenzake wameshaagiza. Nitauza nyeusi, ya zambarau, ya moshi, na ile nyeupe uliyoikosea mara ya kwanza.

Ukitaka, njoo. Utapita mbele ya watu wote wa soko, utasimama kwenye foleni, na zamu yako ikifika utaniambia jina lako na unachotaka, kwa sauti, kama mteja mwingine yeyote. Nitakupimia.

Mulki, mke wa Abukar